Ukienda Kutazama Kenya Open, Nenda Ijumaa

Wengi wanaokwenda kutazama mashindano ya gofu ya Kenya Open kwa mara ya kwanza huchagua Jumapili. Sababu inaeleweka: Jumapili ndiyo siku ya kombe, mahema yamejaa watu, na bingwa anapigwa picha jioni hiyo. Hata hivyo kila anayeniuliza humpa jibu lile lile. Kama una siku moja tu, nenda Ijumaa. Ukijaliwa siku ya pili, iwe Alhamisi asubuhi. Jumapili iwe ya tatu, na ikikupita utaitazama kwenye televisheni wala hutakuwa umepoteza mengi.

Nimekuwa mtazamaji wa gofu kwa miaka, katika vilabu vya Muthaiga na Karen jijini Nairobi, na nayaandika haya kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kushika fimbo ya gofu. Yule anayepita Barabara ya Kiambu kila siku akiiona ile miti ya Muthaiga na kudhani kwamba huko ndani hakuna kinachomhusu. Kipo. Hayo ndiyo mashindano makubwa zaidi ya gofu ya kulipwa Afrika Mashariki, na mchezo wenyewe unakuruhusu kusimama hatua chache kutoka kwa mtu anayefanya kazi yake kwa kiwango cha dunia. Kwenye uwanja wa mpira wa Kasarani hutawahi kusimama karibu hivyo na mchezaji.

Kenya Open ilianza mwaka 1967. Mwaka 1978 ilishindwa na kijana Mhispania, Seve Ballesteros, na mwaka uliofuata akatwaa mashindano makubwa ya The Open kule Uingereza. Ian Woosnam wa Wales alishinda Nairobi mwaka 1986, akaja kuvaa koti la kijani, vazi la bingwa wa mashindano ya Masters kule Marekani, mwaka 1991. Trevor Immelman wa Afrika Kusini alishinda hapa mwaka 2000, na Masters akaipata 2008. Aaron Rai, Mwingereza ambaye mama yake ametokea Kenya, alishinda Muthaiga mwaka 2017, wakati mashindano yangali katika daraja la pili la Ulaya. Miaka saba baadaye alikuwa ameshinda Marekani, akicheza na majina yote makubwa. Tangu 2019 Kenya Open imo katika ratiba kuu ya Ulaya, ambayo sasa inaitwa DP World Tour, na mwaka 2025 fungu la zawadi lilikuwa dola milioni 2.5. Nayataja majina haya kwa sababu moja. Baadhi yao walipopita mbele ya watazamaji wa Nairobi hawakuwa na jina lolote, na mtu aliyekaa akisubiri kupitiwa na maarufu hakuwaona.

Sasa turudi kwenye Ijumaa. Wachezaji kama 144 hivi huanza Alhamisi. Kila mmoja hucheza mashimo 18 siku hiyo na mengine 18 Ijumaa, kisha mchujo unapita. Wachezaji 65 wenye mikwaju michache zaidi, pamoja na wote waliofungana na yule wa 65, ndio wanaoendelea Jumamosi na Jumapili. Wanaochujwa hawapati chochote katika fungu la zawadi, ingawa tiketi za ndege, hoteli na malipo ya kedi, yule anayembebea mchezaji mfuko na kumshauri, wamelipa sawa na wenzao. Kwa hiyo Ijumaa alasiri kiwanja kinakuwa na mashindano mawili kwa mpigo. Juu wako wanaoongoza, na kamera ziko nao. Chini, karibu na mstari wa mchujo, wako watu wengi ambao kila mkwaju wao ni pesa ya kula na nauli ya kwenda mashindano yanayofuata. Huko kamera hazifiki. Kamba ya watazamaji haina msongamano, hakuna anayekusukuma kwa kiwiko, unatembea sambamba na mchezaji na kumsikia akizungumza na kedi wake.

Mfano ninaoupenda kuutoa ni wa Februari 2024, Muthaiga. Mwingereza Joe Dean alikuwa amefuzu kuingia DP World Tour miezi michache nyuma, lakini hakuwa na pesa za kuanza msimu na wenzake. Nyumbani alikuwa akiendesha gari la kuwapelekea wateja bidhaa za supamaketi. Alhamisi ile angeweza kupita mita tatu kutoka ulipo na usigeuze shingo. Jumapili alimaliza nafasi ya pili, sawa na Mhispania Nacho Elvira, mikwaju miwili nyuma ya Mholanzi Darius van Driel, akaondoka na takriban euro 200,000. Van Driel naye hakuwa amewahi kushinda katika ngazi hiyo. Mwaka uliofuata Jacques Kruyswijk wa Afrika Kusini alipata ushindi wake wa kwanza wa DP World Tour hapo hapo Muthaiga. Nairobi ni mahali ambapo watu hufunguka, na ukitaka kuwaona wakifunguka lazima uwe umewafuata kabla hawajatangazwa.

Ijumaa moja nilishikamana na kundi la alasiri lililoanzia shimo la kumi. Siku mbili za mwanzo nusu ya wachezaji huanzia shimo la kwanza na nusu la kumi, kwa hiyo hawa walikuwa wanamalizia la tisa, na watazamaji tulikuwa wachache mno. Mmoja wao, kijana ambaye jina lake nilikuwa nimelisoma asubuhi hiyo tu, alihitaji kupunguza mkwaju mmoja ili abaki. Mpira wake ulikuwa umelala pembeni, nusu umezama kwenye nyasi. Kedi wake, Mkenya mwenye umri wa makamo, alitembea mpaka kwenye alama ya umbali, akarudi akihesabu hatua kwa midomo, akang'oa majani mawili ya nyasi na kuyaachia hewani. Akamtajia namba mbili: umbali wa kufika mwanzo wa grini, yale majani mafupi yanayozunguka shimo, na umbali wa bendera iliyo shimoni. Kijana akatoa fimbo, akairudisha, akatoa nyingine, kisha akaichukua tena ile ya kwanza. Mpira ulitoka vizuri, ukatua, ukasimama mita mbili na nusu kutoka shimoni. Alipousukuma, ulizunguka ukingo wa shimo na kubaki nje. Alivua kofia, akawapa mikono wenzake, akamkumbatia kedi. Kedi alibaki akiifuta ile fimbo kwa taulo muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Sisi watazamaji tulipiga makofi, na wala hatukuwa kumi. Sijaona Jumapili iliyonishika kama dakika zile.

Namna ya kutazama

Gofu haichezwi mahali pamoja, na hilo ndilo linalowachanganya wageni. Kwenye mpira wa miguu unakaa kitini na kila kitu kinakujia. Huku kuna makundi mengi yanayocheza kwa wakati mmoja katika eneo kubwa, na ukijaribu kuona yote utarudi nyumbani umechoka na hujaona hata moja kwa ukamilifu. Chagua.

Fika mapema, saa moja au moja na nusu asubuhi, na usikimbilie shimo la kwanza. Nenda kwanza kwenye uwanja wa mazoezi. Pale wachezaji wanasimama kwa mstari mmoja, kila mmoja na rundo lake la mipira, na unaweza kuwalinganisha kwa macho yako: huyu anapiga mipira inayopinda kushoto kila mara kwa kipimo kile kile, yule anapiga juu sana, mwingine ana kocha aliyechuchumaa nyuma yake na simu anarekodi. Sikiliza pia. Mpira uliopigwa sawasawa na mchezaji wa kulipwa unatoa mlio mkavu, wa mara moja, na baada ya dakika ishirini sikio lako litaanza kutambua uliopigwa vibaya kabla macho hayajauona ukipotea. Saa moja pale itakufundisha mengi kuliko maelezo ya mtu yeyote, mimi nikiwemo.

Kisha chukua kundi moja na utembee nalo mashimo tisa. Ratiba ya kuanza, yenye majina na saa, hutolewa kabla ya Alhamisi na inapatikana kwenye programu ya simu ya DP World Tour. Ukiisoma kumbuka saa zake ni za kizungu. Alhamisi na Ijumaa wachezaji wanatoka watatu watatu. Wikendi kwa kawaida wanakuwa wawili wawili, na wanaoongoza hutoka mwisho. Usichague kundi kwa jina kubwa tu. Mimi napenda kundi lenye mzee aliyezoea, kijana wa msimu wa kwanza na mwenyeji mmoja, kwa sababu unaona shimo moja likichezwa kwa akili tatu tofauti.

Siri ya kutembea na kundi ni kutangulia. Anayeanza hufuata nyuma, na kila mara anafika mchezaji akishapiga. Ukishauona mkwaju wa kwanza ukitoka, anza safari ya kuelekea mahali mipira inapoangukia hata kabla wachezaji hawajaondoka. Ukiwakuta wao wanakuja, umepata nafasi kamba ikiwa kifuani mwako. Wakijiandaa kwa mkwaju wa pili, utazame, halafu wahi kwenye grini uchague upande ambao jua haliko usoni. Jizoeze kuwa mbele yao kwa mkwaju mmoja na siku yako yote itabadilika.

Ukichoka miguu, tafuta shimo fupi, lile ambalo mchezaji anatakiwa kufika kwenye grini kwa mkwaju mmoja. Kaa nyuma ya grini kwa saa nzima. Hapo wote wanapiga kutoka mahali pamoja kuelekea bendera ile ile, na baada ya makundi manne au matano utaanza kujua mwenyewe: mpira ukitua kulia kwa bendera unateremka, ukitua nyuma hausimami, na anayelenga katikati ya grini badala ya bendera hakufanya hivyo kwa woga. Hapo ndipo mtu anaanza kuipenda gofu, akishajua kwa nini mkwaju fulani ni mgumu.

Ubao wa matokeo si wa kutisha. Muthaiga kiwango cha kiwanja ni mikwaju 71 kwa mashimo 18. Namba nyekundu yenye alama ya kutoa inaonyesha mchezaji yuko chini ya kiwango kwa mikwaju mingapi, na katika gofu kuwa chini ndiyo heri. Kruyswijk alishinda 2025 akiwa mikwaju 18 chini, yaani 266 kwa siku nne. Herufi E ni sawasawa na kiwango. Ijumaa usiangalie juu ya ubao. Angalia kwenye simu mstari wa mchujo unakadiriwa wapi, kisha tafuta walio mkwaju mmoja juu au chini yake ambao bado wana mashimo ya kucheza. Hao ndio wako.

Nyasi na mwinuko

Kuna mambo mawili ya Nairobi ambayo nataka uyatazame kwa makini, maana ndiyo yanayowasumbua wageni na ndiyo yanayoipa Kenya Open ladha yake.

La kwanza ni nyasi. Nyasi za kikuyu asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na zimesafiri hadi kwenye viwanja vikubwa vya gofu duniani. Riviera, kile kiwanja cha Los Angeles wanachochezea mabingwa wa Marekani, kimeota hizo hizo. Pale zilipokatwa fupi, zinaubeba mpira juu kana kwamba umewekwa kwenye kigingi, na kupiga kutoka hapo ni raha. Lakini zikiachwa zikue pembeni, mpira unazama ndani na mashina yake manene yanaikamata fimbo shingoni. Simama karibu na mchezaji aliyetoka nje ya njia. Tazama jinsi anavyougusa mpira kwa macho tu, anavyochungulia umelala upande gani, halafu uone fimbo anayochagua. Mara nyingi ataikubali hasara: atachukua fimbo fupi, ataurudisha mpira njiani, na kupigania shimo kwa mkwaju unaofuata. Watu wasioelewa huguna. Wewe utakuwa umeona uamuzi mzuri kuliko mikwaju mirefu yote ya siku hiyo. Karibu na grini ni vivyo hivyo: mpira wa kuburuzwa chini unanaswa na nyasi na kusimama ghafla, kwa hiyo wanaozijua nyasi hizi huupitisha hewani.

La pili ni mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira unakwenda mbali zaidi. Wengi wa wachezaji hawa wanakuja wakitoka kwenye mashindano ya Ghuba, ambako viwanja viko karibu na usawa wa bahari. Fimbo iliyowapa umbali fulani Doha huku inapitiliza. Ndiyo maana Jumatatu hadi Jumatano utawaona na makedi wao wakiandika kwenye vidaftari, na ndiyo maana Alhamisi asubuhi utaona mipira kadhaa ikitua nyuma kabisa ya grini na mchezaji akimtazama kedi. Kuna makedi wa Kenya ambao wageni huwaajiri kwa wiki hiyo kwa sababu mahesabu haya wanayo kichwani, pamoja na miteremko ya kila grini ambayo jicho geni linaiona kinyume.

Heshima na usalama

Mchezaji akisimama juu ya mpira, simama ulipo. Kupunguza mwendo hakutoshi, kwa sababu kinachomvuruga ni kitu kinachosogea pembeni mwa jicho. Wasimamizi watainua mikono au vibao. Watii hata kama uko mbali. Simu iwe bila mlio tangu langoni, na usipige picha fimbo ikiwa juu. Hata kufungua pakiti ya viazi vya kukaanga kunasikika katika ukimya ule. Makofi yaje mpira ukishatulia, na mpe kila mtu haki yake; mgeni akipiga vizuri apigiwe makofi kama mwenyeji. Nairobi ina sifa nzuri kwa hilo na ningependa tuitunze.

Usalama nausema kwa uzito. Mpira wa mchezaji wa kulipwa huondoka kwenye fimbo kwa zaidi ya kilomita 250 kwa saa. Mwaka 2018, kwenye Ryder Cup, mashindano ya Ulaya dhidi ya Marekani, karibu na Paris, mtazamaji alipoteza uwezo wa kuona wa jicho moja baada ya kupigwa na mpira. Kwa hiyo ukisikia sauti ikipigwa "foo!", onyo kwamba mpira unaelekea kwa watu, usiinue uso kutafuta mpira uko wapi. Inama, funika kichwa kwa mikono yote miwili, mpe mgongo upande sauti ilikotoka, na kama una mtoto mfunike yeye kwanza. Usijipange mahali mipira inapoangukia ukiwa umeupa kisogo mchezo kwa sababu ya maongezi.

Mpira ukitua miguuni pako, usiuguse na usiusogeze kwa nia njema. Rudi nyuma, mwonyeshe msimamizi, na uwape watu nafasi. Ukikugonga ukiwa bado unakwenda, unachezwa pale utakapotulia. Ukiusogeza ukiwa umeshatulia, utarudishwa mahali pake bila adhabu, ila pengine namna ulivyokuwa umelala haitapatikana tena, na huyo ni mtu aliye kazini.

Wachezaji wetu

Tangu 1967 hakuna Mkenya aliyeishinda Kenya Open. Kwa Mkenya, kuvuka mchujo tu ni habari ya gazetini, na nasikitika kila nikiona kundi lenye mwenyeji likipita na watu wanne pembeni, wawili kati yao ndugu zake. Dismas Indiza wa Mumias amecheza mashindano haya mara nyingi. Wapo Greg Snow na kijana Njoroge Kibugu. Angalia ratiba ya mwaka utakaokwenda, yatafute majina ya nyumbani, na utembee nao angalau mashimo tisa Alhamisi.

Wengi wa wachezaji wetu wa kulipwa walianza kama makedi. Walijifunza kwa kutazama, wakapiga mipira jioni kwa fimbo za kuazima wanachama wakishaondoka. Yule Mwitaliano au Mwafrika Kusini anayecheza nao amepita mikono ya makocha tangu utotoni na anacheza mashindano ya ngazi hii karibu kila wiki. Wetu wanacheza ngazi hii wiki moja kwa mwaka, halafu tunawauliza kwa nini hawakushinda. Ukitembea nao utaona kwamba mikwaju mingi haina tofauti. Tofauti inaonekana wakikosea: mgeni akipata shimo baya anajua wiki ijayo yupo tena, mwenyeji anajua ataingoja mwaka. Huko ndiko makofi yana kazi. Mpigie baada ya shimo baya kuliko baada ya zuri, usimwite jina anapojiandaa, na usimpe ushauri, hata kama mnatoka kijiji kimoja.

Mambo madogo

Vaa viatu vya kutembelea vyenye soli laini. Kufuata mashimo 18 ni kutembea kilomita nane hadi kumi, na kuna miteremko. Februari na Machi asubuhi za Nairobi ni baridi na adhuhuri jua linachoma kweli, kwa hiyo sweta unayoweza kuifunga kiunoni, kofia, na mafuta ya kukinga jua. Darubini ndogo inasaidia. Maji kunywa kabla hujasikia kiu. Habari za tiketi ziangalie mapema kwenye kurasa za mashindano, maana utaratibu hubadilika mwaka hadi mwaka, na kiwanja pia. Kabla ya kuchagua matatu hakikisha ni Muthaiga au Karen. Gari liache nyumbani. Jioni Barabara ya Kiambu na Barabara ya Ngong zote mbili zinafunga.

Watoto waleteni, hasa Jumatano, siku ya Pro-Am, ambapo wachezaji wa kulipwa wanacheza na wageni wa wadhamini na hawana presha. Wanaongea, wanacheka, wanajibu maswali. Siku za mashindano mtoto anayetaka mpira au glavu asubiri mchezaji akishatoka kwenye kibanda cha kutia sahihi kadi, wala si kabla. Kadi ile, inayoandikwa idadi ya mikwaju yake, ni jambo zito. Akitia sahihi kadi yenye idadi ndogo kuliko aliyopiga, huondolewa kwenye mashindano. Ikiwa kubwa, inabaki hivyo hivyo. Mwaka 1968 Roberto De Vicenzo wa Argentina alitia sahihi 66 badala ya 65 kwenye Masters na akakosa mkondo wa kuamua bingwa kwa mkwaju huo mmoja. Kwa hiyo mchezaji akikupita bila kukutazama akielekea pale, usimwone ana maringo.

Kwa ndugu zetu walioko nje, mengi ya haya yanafanya kazi popote. Walioko Ghuba wana bahati: Dubai inapokea mashindano ya kufunga msimu ya DP World Tour kila Novemba, na Dubai Desert Classic mwanzoni mwa mwaka, na kule utaona majina makubwa kuliko ya Nairobi. Uingereza, tiketi za The Open hupatikana kwa kura ya waombaji, na mtoto wa chini ya miaka 16 akiambatana na mtu mzima huingia bure. Masters kule Augusta nayo ni kura ya maombi, na simu haziruhusiwi kabisa ndani. Panga na wenzako mapema mtakutana wapi jioni. Huko kote umati ni mkubwa na kamba iko mbali zaidi, kwa hiyo shauri la kutangulia kwa mkwaju mmoja linakuwa na thamani mara mbili, na shauri la Ijumaa halibadiliki hata kidogo.

Na kama utakwenda mwaka huu ukanogewa, usingoje miezi kumi na miwili. Ule mfululizo wa mashindano ambao wachezaji wetu wanautumia kuzitafuta nafasi za Kenya Open, uliojulikana kwa miaka kama Safari Tour, huzunguka viwanja mbalimbali, na Waganda nao huja kushindana. Hakuna majukwaa wala mahema ya wadhamini. Uliza kwenye klabu kama watazamaji wanakaribishwa siku hiyo, sema umekuja kuwatazama wachezaji, na uchukue kundi lenye yule uliyemwona akichujwa Ijumaa.